Magugu ya Wifi Jokha

Wifi kumsifu wifi si jambo la kila siku, kwa hiyo nisikilizeni vizuri, maana sitarudia. Jokha alikuwa mke wa kaka yangu Suhail, Mungu amrehemu, na miaka yote waliyokaa pamoja hapa Small Heath, Birmingham, mimi na yeye tulikuwa tukichekeana meno tu. Yeye dereva wa basi, mimi nina duka la vyakula Coventry Road. Yeye mdomo anao, na wangu, wanaonijua wanaujua. Kaka alipofariki nikadhani mwenzangu atakaa eda, kisha atulie, ale kiinua mgongo cha mumewe polepole kama wajane wengine. Thubutu! Eda ilipokwisha akaacha basi, akachukua fedha za kaka yangu, akaenda kuzifukia kwenye matope ya Worcestershire.

Nasema matope kwa sababu siku ya kwanza aliyonipeleka kuliona hilo shamba lake, kiatu changu kimoja kilibaki huko na mpaka leo hakijaonekana. Nikamwambia, "Wifi, watu wanatoka mashamba wanakuja mjini, wewe unatoka mjini unarudi kwenye jembe. Umerogwa?" Akanitazama vile anavyowatazama abiria wasiotaka kulipa nauli.

Ardhi yenyewe aliikodi kwa bibi mmoja wa Kiingereza, mjane mwenzake, anaitwa Gertrude. Bibi mwenyewe hana neno, lakini ana wanawe wawili waliokuwa wakitaka ardhi ile wapewe watu wa kufuga farasi, maana watu wa farasi wanalipa zaidi. Gertrude akawaambia wanawe: Jokha akilipa kodi, anakaa, ikikwama mara moja tu, farasi wanaingia. Na kodi hiyo Jokha alikuwa akiilipa kwa ruzuku ya serikali. Hilo sote tulilijua kwa sababu alikuwa akituringishia. "Serikali inanilipa nilime, Maisara," ananiambia. "Wewe inakulipa nini?"

Sasa niseme haki. Mwaka wa pili tu mchicha wa Jokha ulikuwa unaletwa dukani kwangu asubuhi na ukifika adhuhuri hakuna hata jani. Watu walikuwa wanatoka Sparkbrook, wanapita maduka yote ya Ladypool Road, wanakuja kuufuata kwangu. Majani ya maboga, uwatu, kotmiri, na pilipili mbuzi alizozipanda ndani ya nyumba ya plastiki kwa sababu jua la nchi hii halina hata nguvu ya kuanika kanga. Nimewaona kinamama wakilishika fungu la mchicha wakalinusa, wakafumba macho. Mie nilikuwa nasimama nyuma ya kaunta nawaambia mboga za wifi yangu hizo, halafu akija mwenyewe namwambia zimenyauka, apunguze bei.

Basi mwaka juzi, mwezi wa Juni, Jokha akaanguka palepale shambani akishika ubavu. Kumbe ni mawe kwenye nyongo. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa. Na mchicha hauna habari ya mgonjwa, unaota na magugu yake. Kibaya zaidi, Jumanne ya wiki iliyofuata alikuwa anakuja mkaguzi wa ruzuku kuliangalia shamba.

Habari ikamfikia Ami Khatib. Huyu ni ndugu wa baba yangu, mzee wa Pemba aliyepalilia mikarafuu tangu hajaota ndevu, kisha akaja huku akafanya kazi ya vyuma kule Tyseley mpaka akastaafu. Alikuja na jembe lake kwenye sanduku la nguo, na mpaka leo lipo chini ya kitanda, limepakwa mafuta. Majembe ya hapa, yale ya mipini mirefu, anayaita majembe ya kuegemea. Ijumaa baada ya sala akasimama akasema, "Jamaa, shamba la mgonjwa haliachwi likachaka. Na serikali inakuja kulitazama. Tutakubali mwenzetu aaibike?" Watu wakajibu hapana. Nafiso, jirani yetu Msomali, akasema yeye na wenzake watashika chai na sambusa. Ukapatikana na usafiri, minibasi mbili.

Niliipeleka habari hospitali mwenyewe. Jokha akanyanyuka kwenye mto kama hajashonwa, akataka simu, akampigia Ami.

"Ami, Mungu akulipe," akasema. "Palilieni mchicha tu, basi. Kule ukingoni kuacheni, msijisumbue."

"Sawa, mwanangu, sawa," Ami akajibu.

Lakini sisi tunajuana. Mgonjwa akikwambia usijisumbue, anakwambia nini? Mgeni akisema ameshiba, si unamwongeza wali? Ami alikata simu akawaambia wenzake kwamba maskini Jokha anaona haya, hataki watu wachoke, kwa hiyo kazi waanzie hukohuko ukingoni. Haya aliniambia mwenyewe baadaye, akicheka, kwa furaha kabisa.

Jumapili hiyo Jokha aliruhusiwa kutoka. Nikamwambia nampeleka kwake akalale. Akasema hapana, nipeleke shambani. Nikasema wifi una nyuzi tumboni. Akasema nyuzi ni zangu. Nikampeleka.

Tulipofika nilipigwa na butwaa, na mimi si mtu wa kupigwa na butwaa. Watu kama thelathini walikuwa wamejipanga karibu na lango, wametapakaa udongo mpaka kwenye nyusi, wanatabasamu. Sufuria ya pilau inafuka moshi. Na shamba! Mchicha umepaliliwa ukabaki peke yake kwenye matuta. Lakini kilichonishangaza ni ukingo. Kuzunguka shamba lote, kando ya ua wa miti, palikuwa na ukanda mpana ambao siku zote niliuona umejaa majani marefu na vimaua vya kila rangi, nikawa nasema moyoni kwamba Jokha mvivu wa kupalilia kingo. Leo ukanda ule ulikuwa mweupe. Hakuna hata jani. Ami alikuwa amechukua ufagio, na ameufagia. Ulikuwa kama ua wa nyumba yenye harusi.

"Umeona, mwanangu?" Ami akasema, jembe lake begani. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge. "Huyo mkaguzi aje sasa. Aje hata mfalme wao."

Nilimtazama Jokha. Uso wake haukubadilika, ila alikuwa amenishika mkono kujiegemeza, na vidole vyake vikaniingia nyamani mpaka nikataka kupiga kelele. Kule pembeni lilikuwapo rundo la yale majani yaliyong'olewa, refu kuliko mimi, na nyuki wachache bado wanalizunguka.

"Ahsanteni," Jokha akasema. "Ahsanteni sana, ndugu zangu. Mungu awalipe kila la heri. Ami, mikono yako inanukia Pemba."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Akaketishwa kwenye kiti, akaletewa pilau ambayo daktari alimkataza, akala vijiko viwili vitatu ili waliopika wafurahi. Akamwita kila mtu kwa jina akamshukuru. Watoto waliozaliwa hapahapa, wanaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, akawaambia "well done" mmoja mmoja. Alikaa mpaka sahani zikakusanywa na minibasi zote mbili zikaondoka, watu wanaimba ndani.

Ndipo alipoinama mbele akalia. Mimi sijawahi kumwona Jokha analia, hata kwenye maziko ya kaka yangu alijikaza.

"Nini? Mshono?"

"Ndo ruzuku yenyewe hiyo, Maisara," akasema akinionyesha lile rundo. "Hiyo mnayoiita magugu."

Akanieleza ndani ya gari, na mimi nikawa namkatiza kila neno kwa sababu sikuamini. Zamani, akasema, serikali ilikuwa inawalipa wenye mashamba kwa ukubwa wa ardhi tu. Mwenye kubwa anapata kubwa. Siku hizi wamegeuza. Wanamlipa mkulima kwa kile anachoifanyia ardhi: aache nafasi ya maua ya mwituni, nyuki wapate chakula, ndege wapate mbegu, maji ya mvua yasichukue udongo. Ule ukingo ndio uliokuwa unalipiwa zaidi kuliko kitu kingine chochote shambani. Ule ukingo ndio kodi ya Gertrude.

"Unalipwa kuotesha magugu?" nikamwuliza.

"Umeona? Ndo maana sikumwambia mtu." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ningewaambia nalipwa kwa magugu, wewe ungenivumisha mpaka Pemba. Ungelisema dukani kila siku. Nikaona bora nikae kimya, niwaambie nalipwa kulima."

Nilitaka kukataa, lakini alikuwa amepatia kila neno. Nikaendesha gari mpaka tukaiona mitaa ya kwetu.

"Sasa Ami aambiwe," nikasema. "Yeye ndo kavunja, yeye ndo—"

"Usithubutu." Sauti yake ilikuwa ile ya dereva. "Yule mzee kapiga magoti juani siku nzima kwa ajili yangu. Nimwambie kaning'olea shamba? Atakufa nalo moyoni. Niapie, Maisara, kwa kaburi la Suhail. Hatojua, wala yeyote katika wale."

Kwa kaburi la kaka yangu ningefanya nini? Nikaapa.

Usiku kucha nilikuwa natafuta uongo wa maana, na asubuhi nilikuwa nao. Kondoo. Jirani ana kondoo. Tuseme wameruka ua wakala maua yote. Nani atamshitaki kondoo? Jokha akasikiliza, akasema, "Kondoo wa watu hawajafanya kosa lolote." Na ile Jumatatu akampigia simu mkaguzi mwenyewe, kabla hajaulizwa, akamwambia maua hayapo tena, lakini aje tu.

Alikuja Jumanne, kijana wa Kikalasinga anayeitwa Navdeep, kilemba cha buluu na mabuti ya mpira. Akasimama kando ya ule ukanda uliofagiliwa, akavua miwani, akaivaa tena. Mimi nilikuwa nyuma ya Jokha, nikamnong'oneza, "Sema kondoo. Bado hujachelewa, sema kondoo."

Kijana akageuka. "Kondoo ninaelewa, auntie," akasema kwa Kiswahili cha kujikongoja. "Bibi yangu ni mtu wa Kisumu." Kisha akarudi kwenye Kiingereza chake cha Birmingham, na mimi nikatamani ule ukingo unimeze.

Jokha hakucheka. Alisimama wima, mkono juu ya mshono, akamweleza. "Waliofanya hivi ni watu wanaonipenda. Nilikuwa nimelazwa, wakaja kunisaidia. Kwetu shamba likiwa na majani ni aibu ya mwenyewe, na wao hawakutaka niaibike mbele yako. Hawakujua kwa sababu mimi sikuwaambia. Kosa ni langu, na shamba ni langu. Usiandike jina la mtu mwingine."

Nasema kweli, pale ndipo nilipomwona. Miaka yote ile nilikuwa namtazama Jokha kama mtu aliyemchukua kaka yangu, kisha akachukua fedha zake. Siku ile nikamwona mwanamke aliyesimama kwenye udongo mtupu, ugonjwa mwilini, anakaribia kupoteza kila kitu, na bado anachunga heshima ya mzee mmoja ambaye hayupo hata mbele yake. Nikajua kaka yangu alichokiona. Nilijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja.

Navdeep akachuchumaa, akachukua udongo, akaufikicha. Akazunguka shamba zima kwa miguu, akarudi na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa na sura mbili. Malipo ya ule ukingo kwa mwaka ule hayatatoka. Maua hayapo, na yeye hawezi kuandika kwamba yapo. Lakini kwa kuwa Jokha alisema mwenyewe kabla ya kukaguliwa, makubaliano hayavunjwi, mradi tu apande upya mwezi wa Septemba. "Na nikwambie kitu," akasema. "Nyasi zilikuwa zimeanza kuyashinda yale maua. Mbegu zake hazioti penye nyasi, zinataka ardhi iliyo wazi kabisa. Wenzako wanatumia mashine na dawa kupata udongo kama huu. Sijawahi kuona uliosafishwa hivi kwa mikono." Akacheka kidogo. "Wala uliofagiliwa."

Basi, farasi walikuwa bado wanachungulia. Mwaka mzima wa kodi, na sehemu kubwa ya ruzuku hakuna. Nikamwambia Jokha nitamkopesha. Akasema kukopa kwa wifi ni kujinunulia mwiba. Nilijiona nimetukanwa, lakini hata mimi ningesema hivyohivyo.

Septemba akatuita tena, watu walewale. Akatuambia serikali inataka tupande maua ukingoni, akaleta mifuko ya mbegu. Mbegu zenyewe ndogo kama vumbi; tukazichanganya na mchanga mkavu, tukazitupa kwa mkono, kisha tukazikanyaga, maana hazifukiwi. Ami Khatib alicheka mpaka akakohoa. "Maua! Serikali hii imekosa kazi?" Kisha akauchukua mfuko mmoja uliokuwa na picha za maua yenyewe, ya njano na meupe na ya zambarau, akakaa kitako akiutazama. Nikadhani kachoka. Aliporudi kukanyaga hakucheka tena, alikanyaga taratibu kama anayemlaza mtoto.

Na majira ya baridi yalipoingia, Jokha akarudi kwenye basi. Alfajiri yuko shambani, akiwahi nyumba zake za plastiki, kisha anaingia zamu mpaka jioni, Coventry Road kwenda na kurudi. Mji mzima ukaanza kusema. Dukani kwangu nilikuwa nayasikia: si mlimwona, shamba limemshinda, mwanamke na kilimo wapi na wapi, fedha za marehemu zimeishia matopeni. Maneno yangu mwenyewe hayo, wananirudishia. Na mimi nikiwa naijua kweli yote, nikiwa na mdomo huu niliopewa na Mungu, nilikuwa napima mchele nimefunga kinywa. Nawaambia, kubeba gunia ni rahisi zaidi.

Siku moja nilipanda basi lake. Ami alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, karibu na dereva, chupa ya chai ya tangawizi mapajani.

"Mwanangu, shamba limekushinda?" nikamsikia akimwuliza.

"Halijanishinda, Ami. Nimeyakumbuka mabasi tu."

"Aa. Sawasawa," Ami akasema, akammiminia chai basi liliposimama kituoni.

Nikamtania, "Ami, umeanza utalii? Kila nikipita nakuona humu." Akaniambia nyumbani ni baridi, na pasi ya wazee ni bure kuanzia saa tatu na nusu, kwa nini asitembee. Nikaona ana haki.

Kodi ililipwa, yote, kwa siku yake. Wana wa Gertrude wakaondoka na watu wao wa farasi. Na mwezi wa Juni mwaka jana Navdeep akarudi. Maua yalikuwa yamefika kiunoni. Manjano, meupe, zambarau, na mekundu ambayo hayakuwapo hata zamani, yamezunguka shamba lote, na nyuki wanavuma mpaka ilibidi tupaze sauti kuzungumza. Kijana akasimama mbele ya maua muda mrefu kabla ya kuanza kazi yake. Akasema ukingo ule unapata malipo yote.

Jokha akaingia kwenye nyumba ya plastiki, nadhani hakutaka tumwone uso. Mimi nikabaki kando ya maua na Ami Khatib, aliyeng'ang'ania kuletwa. Furaha ilinijaa, nikapiga hatua moja mbele nichume ua.

"We! Usikanyage!" Ami akaning'aka. "Usikanyage magugu ya mwenzio."

Nikageuka. Yeye alikuwa anatazama maua.

"Haya ya njano ndiyo niliyoyaanzia," akasema. "Pale, kwenye kona. Yalikuwa na mizizi migumu kweli. Nilipoiona picha kwenye mfuko nikayajua. Na alipovaa tena sare ya basi nikajua alikuwa analipa nini."

"Ami! Mbona hukusema?"

"Niseme ili iwe nini? Mtu kakufunika shuka, wewe unalivua umwonyeshe kwamba ulikuwa uchi?" Akashusha pumzi. "Sina fedha za kumpa, Maisara, na angezikataa. Nina pasi ya wazee. Basi nikapanda. Kila siku, akitoka zamu nami nateremka. Nilikuwa nakaa tu pale nyuma yake, asiwe peke yake."

Nikaurudisha mguu nyuma taratibu, nisikanyage kitu.

"Na wewe hujasikia kitu," akaniambia. "Niapie."

Jokha akatokea mlangoni, pilipili mkononi, macho mekundu. "Mnateta nini nyie wawili?"

"Tunasema hili shamba lako limechaka," Ami akamjibu kwa sauti. "Ningekuja na jembe langu leo, ungeona!"

"Uliguse hilo jani moja, Ami, nikushushe njiani!" Jokha akasema, akacheka mpaka akashika ubavu palipokuwa na mshono.

Ami naye akacheka. Mimi niliinama nikajifanya natazama nyuki.